Utovu wa nidhamu wa siku moja na ule wa miaka minane

Tarehe 30 Oktoba 2025 Rockstar Games, watengenezaji wa mchezo wa video wa Grand Theft Auto, waliwafukuza kwa mkupuo wafanyakazi zaidi ya 30 nchini Uingereza na Kanada. Kosa lililotajwa ni utovu mkubwa wa nidhamu: kujadili siri za kampuni mbele ya watu wa nje. Chama cha wafanyakazi cha IWGB kinasema mazungumzo hayo yalifanyika kwenye kundi la faragha la Discord, jukwaa la mazungumzo mtandaoni, na kwamba watu walilengwa kwa sababu ya kujiunga na chama.

Hoja ya kampuni si ya kupuuzwa. Septemba 2022 mdukuzi alimwaga mtandaoni video zipatazo 90 za Grand Theft Auto VI, mchezo ambao ulikuwa haujakamilika. Aliyeumwa namna hiyo ana sababu ya kuwa mkali. Isitoshe, Januari 2026 baraza la ajira la Glasgow, linaloamua kesi za kazi, lilikataa kuwapa waliofukuzwa nafuu ya muda, yaani kulipwa mishahara wakati kesi ikisubiri. Wapo waliolisoma hilo kama hukumu, na wamekosea. Nafuu hiyo huipati mpaka uonyeshe mapema kwamba nafasi yako ya kushinda ni kubwa mno. Kuikosa si kushindwa kesi.

Linalonisumbua ni kasi. Kwa maelezo ya chama, watu waliachishwa papo hapo, bila kikao cha nidhamu. Sasa tazama Ubisoft, kampuni ya michezo ya video ya Ufaransa. Tarehe 2 Julai 2025 mahakama ya Bobigny, Ufaransa, iliwatia hatiani waliokuwa viongozi wake watatu kwa unyanyasaji kazini. Matendo yenyewe yalianza 2012 na kuendelea hadi 2020. Mahakamani ilielezwa jinsi mfanyakazi mwanamke aliyevaa sketi alivyolazimishwa kusimama kwa mikono, miguu juu, mbele ya wenzake. Kosa hilo halihitaji mpelelezi, maana ofisi nzima iliona. Hata hivyo watu hao waliendelea kupanda lifti ileile kila asubuhi mpaka habari zilipolipuka hadharani.

Nitajibiwa kwamba tuhuma za unyanyasaji zinahitaji utulivu, kwa kuwa jina la mtu likichafuka halisafishiki. Ni kweli. Activision Blizzard, kampuni ya michezo ya Marekani iliyoshtakiwa na jimbo la California, ilipomalizana na jimbo hilo Desemba 2023 kwa takriban dola milioni 54, makubaliano yalieleza kuwa hakuna mahakama wala uchunguzi huru uliothibitisha unyanyasaji wa kijinsia ulioenea katika kampuni. Kwa hiyo utulivu nauunga mkono. Ila kama bosi anastahili kusikilizwa kwanza, kwa nini asistahili yule aliyeandika ujumbe kwenye kundi la chama?

Uingereza wana mwongozo wa Acas, taasisi ya umma ya usuluhishi wa migogoro ya kazi: chunguza, mjulishe mtu tuhuma zake, keti naye, mpe nafasi ya kukata rufaa. Mwajiri akiuruka bila sababu, baraza linaweza kuongeza fidia hadi asilimia 25. Nimeirudia namba hiyo mara nyingi. Asilimia 25 ya nini? Ya fidia ambayo mara nyingi sheria yenyewe imeiwekea kikomo. Mwenye karakana ndogo itamtia hofu. Studio inayosubiri mchezo wa mabilioni inaweza kuiweka kwenye bajeti kama gharama nyingine yoyote, ikaendelea na kazi.

Upande wa pili hesabu ni tofauti. Mfanyakazi wa kigeni anayeishi Uingereza kwa viza ya mwajiri, kazi ikikatika, kwa kawaida hubakiwa na siku 60 za kupata mwajiri mwingine wa kumdhamini au kuondoka. Kesi haiishi ndani ya siku 60. Anaweza kushinda akiwa ameshafungasha na kuhama nchi, na hata baraza likiagiza arudishwe kazini, mwajiri akikataa ataongezewa fidia ya kulipa, lakini mlango utabaki umefungwa.