Chikichi zichemshwe siku hiyohiyo

Shuleni hapa Kigoma vimeng'enya, vile vinavyokatakata chakula, tulivikariri kama wimbo: amilesi kwa wanga, pepsini kwa protini, lipesi kwa mafuta. Nilimaliza shule nikiamini vinakaa mdomoni na tumboni mwa binadamu basi. Kumbe vimo hata kwenye chikichi nilizokuwa nafyonza njiani kurudi nyumbani.

Nilikuja kulijua hilo baada ya hasara. Msimu mmoja tulirundika mikungu uani karibu wiki nzima ili chikichi zichomoke kirahisi. Zilichomoka kweli, nyingi zikiwa zimepondeka. Mawese yakatoka mekundu, yanapendeza machoni, ila ukionja yanakwaruza koo. Mnunuzi alichovya kidole, akalamba, akaondoka na madumu yake matupu.

Ndani ya seli ya tunda zima, mafuta yamehifadhiwa mbali na lipesi. Tunda likichubuka, seli zinapasuka na viwili hivyo vinakutana. Molekuli ya mafuta ni asidi tatu zilizoshikana na gliseroli. Lipesi huzikata moja baada ya nyingine, ikitumia maji ya tunda lenyewe. Asidi zilizoachwa huru ndizo zinazoharibu mawese. Na lipesi haichakai kwa kazi hiyo: ikishakata hapa inahamia pale, ndiyo maana kila saa ya kuchelewa ina gharama. Dawa yake ni moto. Lipesi ni protini, na protini ikichemka umbo lake linavurugika, haiwezi tena kuyashika mafuta. Wengi wetu tunadhani pipa la kuchemshia kazi yake ni kulainisha chikichi tu. Hapana, ndilo linalookoa mawese, na linaokoa likiwahi.

Dagaa nao ni vilevile. Wasipoanikwa mapema, matumbo yanapasuka, kwa sababu vimeng'enya vilivyokuwa vikisaga chakula chao sasa vinakata protini za nyama yao wenyewe. Jua linakausha maji ambayo kazi hiyo inayategemea.

Kwenye muhogo mchungu, mambo ni kinyume: huko tunataka seli zipasuke. Tukiuloweka hadi ulainike, kimeng'enya chake kinabandua glukosi iliyoshikana na sumu, na sumu hiyo, sianidi, inapata njia ya kutoka. Kwa hiyo anayefupisha siku za kuloweka ananikera kuliko anayechelewesha chikichi. Huyu anaharibu mafuta, yule anahatarisha watoto.

Ugali wa muhogo, dagaa, mawese: wanga, protini na mafuta kwenye sahani moja, na somo zima limo humo. Naomba walimu wetu waanzie hapo kabla ya mchoro wa utumbo. Wachukue chikichi za mkungu mmoja, nusu wazichemshe siku hiyohiyo, nusu waziponde mbichi na kuziacha siku tatu. Kisha wakamue zote, na wanafunzi waonje.