Mwanajeshi mlevi: familia imfiche au imfikishe kwa daktari wa kambi?

Familia nyingi za Kenya zenye mwana jeshini aliyezama kwenye pombe huwa na mpango mmoja: subiri likizo. Akija apelekwe ushago, anyang'anywe simu na pochi, na baada ya wiki mbili arudi kambini mzima, bila mkubwa yeyote kujua. Anayependekeza daktari wa kambi huambiwa anataka kumwaga unga wa mwenzake.

Hofu hiyo ina msingi. Sheria ya Jeshi la Ulinzi ya mwaka 2012 inahesabu ulevi kuwa kosa, na daktari wa jeshi ana mabwana wawili: mgonjwa wake na kikosi. Akiona mtu hafai kushika silaha, hawezi kunyamaza. Familia inawaza kozi, cheo, na zamu ya Somalia yenye posho inayolipa karo. Na jeshi lenyewe halina mikono safi katika jambo hili. Kantini huuza bia kwa bei nafuu, na messi, ukumbi wa wanajeshi wa kula na kunywa, imeufanya unywaji kuwa sehemu ya undugu. Kumkabidhi mgonjwa kwa taasisi hiyohiyo kunahitaji moyo.

Lakini hesabu ya wanaoficha huruka siku nne za kwanza bila pombe, na humo ndimo watu hufia.

Tuanze na kiasi. Mzinga wa mililita 750 wa pombe kali ya asilimia 40 una takriban gramu 237 za kileo, sawa na chupa 14 hivi za bia ya nusu lita ya asilimia 4.2. Ubongo unaopozwa hivyo kila siku hujiongezea kasi ili mtu aweze kusimama. Pombe ikikatwa ghafla, kasi inabaki na breki haipo. Kati ya saa 6 na 24, mikono hutetemeka, jasho hutoka, moyo huenda mbio. Ndiyo maana mlevi hutoa loki alfajiri, yaani hunywa tena ili mwili utulie. Ndani ya saa 48 za kwanza anaweza kuanguka kifafa hata kama hajawahi kuanguka maishani. Kati ya siku ya pili na ya nne wengine huchanganyikiwa kabisa: homa, presha juu, wadudu wanatambaa ukutani, maadui wako mlangoni.

Sasa yaweke hayo kijijini. Siku ya kwanza nyumba inashangilia kwamba sumu inatoka. Ya pili, inasemekana ni malaria. Ya tatu anaitwa mchungaji, na vijana wanne wanamfunga kamba mtu aliyefundishwa kupigana na asiyewatambua. Hospitalini hali hiyohiyo hutibiwa kwa diazepamu, dawa ya kutuliza ubongo, inayopunguzwa kidogo kidogo kwa takriban wiki moja, na kwa sindano ya vitamini B1 kabla ya dripu ya glukosi, kwa sababu glukosi ikitangulia kwa mtu aliyeishi kwa chupa bila chakula, inaweza kumharibu ubongo na kumbukumbu. Kuna pia wanaomtilia vidonge vya disulfiramu, dawa inayomfanya mtu augue akinywa pombe, kwenye chai kwa siri. Dawa hiyo haitakiwi kabla ya saa 12 kupita tangu kinywaji cha mwisho, na akinywa juu yake presha inaweza kuporomoka.

Siri yenyewe ni nyepesi. Sheria ya Afya ya Akili inamtaka msimamizi wa hospitali ya akili inayomlaza mwanajeshi aliye mbali na kikosi chake akiarifu kikosi kilicho karibu. Basi akizidiwa, kambi itajua tu, na huenda wakati huo siku za likizo zimeshapita na kosa la kutoripoti limeongezeka.

Kuna watu ambao njia ya kimya inawafaa. Kipimo cha AUDIT cha Shirika la Afya Duniani kina maswali 10 na alama 0 hadi 40. Kuanzia 8 unywaji una hatari, kuanzia 20 utegemezi unashukiwa. Aliye chini ya 20, asiyetoa loki wala kutetemeka, na ambaye hajawahi kuanguka, anaweza kuonana na mshauri wa kiraia au kupiga 1192, nambari ya NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, bila kikosi kuhusishwa.

Aliyevuka hapo aende kwa daktari wa kambi, au aanzie kwa padre au imamu wa jeshi. Ofisi ya mkuu wa kikosi ni mlango wa nidhamu. Aende kwa miguu yake mwenyewe, kabla ya shtaka lolote, maana anayeomba matibabu baada ya kukamatwa huonekana anatafuta kisingizio. Kazi ya familia ni kumshawishi asubuhi, kwa mdomo wa mtu mmoja anayemheshimu, na kumwandikia karatasi moja: anakunywa nini na kiasi gani kwa siku, kinywaji cha kwanza ni saa ngapi, cha mwisho kilikuwa lini, amewahi kuanguka, anatumia dawa gani. Na asikatwe pombe usiku wa kuamkia safari ili afike kwa daktari akiwa msafi. Kifafa kinaweza kumkuta kwenye matatu.