Vyungu Vilivyokimbiza Avenyu Nzima

Mtoto wa Goma, mji wetu wa mashariki mwa Kongo, hufundishwa mambo mawili mapema sana, mara nyingi kabla hajajua kusoma. La kwanza: ukisikia masasi, yaani risasi, lala chini, usiinue kichwa, usiulize. La pili: volkano ikitapika, kimbia, beba unachoweza, usigeuke nyuma. Ni mafunzo mazuri na yameokoa wengi. Shida yake ni kwamba hakuna aliyetuambia tufanye nini sauti ikiwa ya masasi na moshi ukiwa wa volkano. Mtihani huo ulitukuta Majengo, mtaa wa Goma, kwenye avenyu yetu, na walioutunga ni vyungu vyangu.

Mimi ninafinyanga vyungu vya mapambo. Vyombo vya maua, vinara vya mishumaa, vibakuli vya kuwekea funguo, na vitungi vya shingo ndefu ambavyo havina kazi duniani isipokuwa kukaa juu ya kabati la televisheni na kutazamwa. Naviuza soko la Virunga. Kufinyanga Goma kunataka ukaidi, maana mji wenyewe umekaa juu ya lava. Hapa ukitaka kuchimba choo unatafuta vijana wenye mitaimbo, na udongo wa mfinyanzi huuoni. Wangu unanijia kwenye magunia, juu ya malori ya viazi yanayoshuka kutoka Masisi, na kila mara kijana wa kushusha mizigo huniuliza kama nina akili timamu, kulipia matope. Mchanga ndio mji unanipa bure, ule mweusi wa volkano. Nauchanganya na vigae vya zamani vilivyotwangwa, ili chungu kisipate nyufa kikikauka. Nakijenga kwa kuzungusha kamba za udongo moja juu ya nyingine, nakisugua kwa jiwe laini la ziwani mpaka king'ae, kisha naviringisha uzi uliosokotwa shingoni ili uache alama. Alama hizo mabibi wa Maziwa Makuu walizijua karne nyingi kabla yangu. Mimi nimeongeza bei tu.

Kinachotesa katika kazi hii ni kungoja. Chungu kibichi lazima kikauke kivulini, polepole, mpaka ukikiweka shavuni usisikie ubaridi. Ukisikia ubaridi, maji bado yamo. Na maji yaliyojificha ndani ya ukuta wa chungu hayana adabu: moto ukiyafikia yanageuka mvuke, na mvuke unadai nafasi zaidi ya mara 1,600 ya ile yaliyopewa maji. Nafasi hiyo ndani ya chungu haipo. Mvuke unatoka kuitafuta, na hautumii mlango.

Vyungu vya safari ile vilikuwa vimekauka, naapa. Nilikuwa nimevipima shavuni kimoja kimoja, mpaka mtoto wangu akauliza kwa nini vyungu vinabusiwa kuliko yeye. Vilikuwa vimepangwa sakafuni, kwenye chumba cha nyuma. Wiki ile shangazi ya mume wangu akatoka kijijini kuja kutusalimu, tukampa chumba hichohicho, kwa sababu nyumba yetu haina chumba kingine. Shangazi ni mtu wa shukrani. Hakulalamika hata siku moja.

Nilichagua kuchoma Jumamosi jioni, upepo wa ziwani unapotulia. Tanuru sina. Nachomea uani: chini natandika majani makavu na maranda ya mikaratusi ninayopewa na mafundi wa chukudu, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo, juu yake vyungu vikilaliana, halafu kuni, halafu vigae vya kufunikia. Moto ukishika, wekundu unapanda juu ya ukuta wetu wa mawe na moshi unanyooka kwenda mbinguni. Kwa macho yangu ni pambo. Lakini ilikuwa mwaka mmoja tu tangu tarehe 22 Mei 2021, Nyiragongo ilipotapika, nayo ilikuwa Jumamosi, saa za jioni hizohizo, lava ikaja kusimama Buhene, hapo jirani. Majengo haikuwa imesahau. Kuna watu kwenye avenyu yetu waliokuwa bado hawajafungua mabegi.

Cha kwanza kilikuwa kitungi cha shingo ndefu. Pa! Kikafuata kimya cha kutosha mtu kusema "Ni nini ile?" Halafu pa-pa-pa-pa! Kigae kinachoruka hugonga chungu cha jirani, na jirani alikuwa anangoja kisingizio. Isitoshe, Goma iko mita 1,500 hivi juu ya bahari. Maji ya huku hayangoji nyuzi 100. Yanakasirika kwenye 95.

Jirani wa kushoto, papa, yaani baba wa watu, mwenye mwili wake, alikuwa mlangoni pake na sahani ya bugali na sambaza, samaki wadogo wa ziwani. Alilala chini palepale, sahani mkononi, bila kumwaga hata sambaza mmoja. Hiyo ni shule, haijifunzwi kwa siku moja. Jirani wa kulia, mama wa mandazi, yeye hakusikiliza sauti, aliangalia moshi. Alitoka na mtoto mgongoni, kidumu cha njano mkononi na godoro kichwani, mbio ambazo mume wake alisema baadaye kwamba hakuwahi kuziona hata siku ya harusi yao, alipochelewa kanisani.

Sasa, avenyu yetu ina njia moja tu ya kutokea, kichochoro kati ya kuta mbili za mawe. Waliosikia masasi walikuwa wamelala humo tayari, wamejaa. Waliosadiki volkano wakawafikia.

"Papa, inuka! Unalala hapa unangoja lava ikukaange?"

"Mama, lala chini! Sasi itakukuta na hilo godoro!"

"Sasi gani inatoa moshi wa hivi?"

"Na volkano gani inapiga rafali?"

Pa-pa! Wote wakainama, hata wa volkano.

Kijana mmoja wa chuo, akiwa amelala kifudifudi, akaomba neno. Akatueleza kwa utulivu kwamba lava ya Nyiragongo ni nyepesi mno, hutiririka kama maji, ndiyo maana mwaka 2002 ilifika mpaka katikati ya mji na kufunika sehemu ya uwanja wa ndege. Volkano ya namna hiyo, akasema, haipasukipasuki kama baruti. Kwa hiyo kisayansi haya ni masasi, tubaki chini. Watu walianza kumwelewa. Kikapasuka chungu kikubwa kuliko vyote, kile cha maua cha bibi harusi mmoja wa Himbi, na kigae chekundu kikapita juu ya ukuta kama nyota. Kijana wa chuo akainuka akakimbia. Mpaka leo hajasema alikuwa anakimbia nini.

Aliyeleta suluhu ni mzee wa nyumba ya pembeni. Yeye alianza kutambaa. Ukitambaa, masasi yanapita juu, na wakati huohuo unaiacha lava nyuma. Wazo lilikubaliwa bila kura. Nilipochungulia langoni niliona avenyu nzima, wazee kwa vijana, wanatambaa kwenda barabarani kwa mstari, na papa wa kushoto anasukuma sahani yake mbele, kidogo kidogo.

Mimi nilikuwa napiga kelele: "Ni vyungu! Ni vyungu vyangu!" Kwa mbali walisikia "vyangu, vyangu," wakadhani nalilia mali. Mama mmoja akanijibu kwa uchungu, "Mama, uachane na vitu, uokoe roho!"

Motari, waendesha pikipiki za kukodi, wakafika. Sijui motari wanajuaje. Bei ya kwenda barrière, mpakani na Rwanda, ikageuka palepale kutoka faranga kuwa dola. Mama wa mandazi, kwa kuwa huwezi kutambaa na godoro, aliwahi wa kwanza. Akalifunga godoro kwenye pikipiki, akarudi mara moja kuchukua sufuria yake. Pa! Motari hakungoja maelezo. Akaondoka na godoro. Kati ya wakazi wote wa avenyu yetu, lililofika mpaka barrière jioni ile ni godoro, tena peke yake.

Shangazi hakulala wala hakukimbia. Alitoka na kigoda, akakaa mlangoni, akautazama moto kwa muda, kisha akasema kwa sauti ya mtu anayewaza tu:

"Pengine ni ule umande."

"Umande gani, shangazi?"

"Si nilikuwa navitoa inje usiku, mwanangu. Nitanyoosha miguu wapi? Nilifunika na turubai. Asubuhi kabla muamuke navirudisha. Hata kimoja sikuvunja."

Turubai lenyewe tulilipata wakati wa kukimbilia mji wa Sake, na lina matobo kuliko kitambaa. Kila usiku aliokaa kwetu, vyungu vyangu vililala nje, vikanywa umande na manyunyu, vikarudi kitandani alfajiri. Ningemwambia nini? Shangazi ya mume humwambii kitu. Nilimshukuru kwa uangalifu wake.

Nyumba kumi, yaani kiongozi wa nyumba kumi za avenyu, akaingia na tochi na filimbi, kifua mbele. Kigae kikatua karibu na viatu vyake, akalala chini. Aliposimama alijipangusa kwa heshima, akauliza:

"Nani alitoa ruhusa ya kupasua?"

"Sikuomba kupasua, shefu. Niliomba kuchoma."

"Uliomba wapi?"

Hapo alinishika. Kesi ikasikilizwa usiku uleule uani kwangu, moto ukituangazia, watu wakikung'uta magoti. Papa wa kushoto alidai fidia ya sambaza. Akaulizwa kama walimwagika. Hapana, lakini walipoa. Akapewa kinara cha mshumaa kilichopona. Mama wa mandazi alidai godoro, na hapo sote tuliinamisha vichwa. Lilirudi asubuhi, limelala kwa motari, nikalipa nauli ya kwenda na kurudi kwa dola. Hukumu ya mwisho: siku nyingine kabla sijawasha moto, avenyu itangaziwe.

Vilivyopona vilikuwa vichache, navyo vimepakwa madoa meusi ya moshi kwa sababu vigae vya kufunikia viliruka. Nilivipeleka sokoni Virunga nikiwa sina matumaini. Habari ilikuwa imetangulia. Kabla sijatandika kitambaa, muuza kitenge wa pembeni akapaza sauti: "Ni weye mama wa volkano?" Watu wakajaa. Walitaka kuona chungu kilichokimbiza Majengo. Wengine walikigonga kwa kidole na kuruka nyuma. Doa la moshi kwenye kitungi kimoja lilitoka mfano wa mlima na wingu juu yake, na bwana mmoja mwenye miwani akaninong'oneza kwamba huo ni usanii wa hali ya juu. Nikamwachia doa kwa bei ya usanii.

Kilichonishinda ni chungu chenye ufa mdogo, mdogo sana, lazima uutafute. Mama mmoja aliutafuta.

"Mama, hii iko na ufa."

"Ufa wa nini? Ni ya mapambo, hautaweka maji."

Akachomoa dola tano, akanionyesha. Kwenye pembe ilikuwa imechanika kidogo, si zaidi ya ukucha.

"Unapokea hii?"

Msomaji wa huku anajua. Dola iliyochanika Goma hata mbwa haipokei.

"Hapana, mama, imechanika."

"Basi dola yangu ina ufa, chungu yako ina ufa. Tubadilishane."

Watu walicheka mpaka nikakosa pa kujibu. Tulibadilishana. Chungu kimekaa kwake kabatini. Dola ile bado ninayo, na nimejaribu kumpa kila mtu isipokuwa padri.

Wakati wa kuchoma tena ulipofika, shangazi alikuwa amerudi kijijini, vyungu vilikuwa vimekauka na chumba nilikifunga kwa kufuli. Nilikwenda kwa nyumba kumi kama nilivyoagizwa. Alifurahi, akaazima kipaza sauti kanisani, akasimama kwenye kona ya avenyu na kutangaza mwenyewe, kwa sauti ya serikali:

"Wananchi, musiogope! Leo jioni hakuna volkano! Ninarudia, hakuna volkano! Na hakuna masasi! Ni vyungu!"

Kipaza sauti kile kilikuwa na betri za zamani. Waliokuwa karibu walisikia vizuri, wakapiga makofi. Waliokuwa mwisho wa avenyu walisikia "volkano," kukakatika, wakasikia "volkano" tena, halafu "masasi." Nilikuwa bado sijachoma hata kijiti. Moto niliouwasha baadaye uliwaka vizuri, na hakikupasuka hata chungu kimoja, lakini wa kuja kuushuhudia hakuwepo. Nilitoka langoni kuangalia kama kuna aliyebaki. Mama wa mandazi alikuwa amesimama mlangoni pake, godoro kichwani, anasikiliza kwanza. Mbele yake motari amekwisha kuwasha pikipiki.

"Mama," akamwuliza, "leo unaenda na weye, ao ni godoro tu?"