Mbwa wa polisi akizeeka, nani anamlisha?

Kuna klipu ya mbwa wa polisi kule Uingereza anaagwa kustaafu, askari wamejipanga pande mbili wanapiga makofi, mbwa anapita katikati na mwongozaji wake. Imezunguka sana kwenye magrupu ya WhatsApp hapa Dar na komenti zake karibu zote zilikuwa za aina moja: wenzetu mbwa anapewa pensheni, sisi mwalimu aliyeshika chaki miaka 30 bado anapigana na kikokotoo, ile kanuni ya kukokotoa mafao ya wastaafu. Wapo waliocheka wakapita, ila wengi walikasirika kabisa, na hasira yao naielewa. Ninachobishia ni kule walikoielekeza.

Tuanze na hicho kikokotoo maana ndiyo hoja nzito ya upande ule. Historia kila mtu anaijua, 2018 zikaja kanuni za kulipa asilimia 25 tu ya mafao kwa mkupuo, watu wakalia zikasitishwa, 2022 ikaja 33, bajeti ya 2024 ikapandisha hadi 40 kwa wale ambao zamani walikuwa wanapata 50. Mtu alipanga kujenga kwa mafao ya mkupuo, akajikuta hela haifiki hata kupaua, huyo ukimletea habari za mbwa kustaafu kwa heshima anaona unamtukana, na hajakosea. Bajeti ni kuchagua, na anayesema binadamu kwanza hajasema kitu cha ajabu.

Sasa angalia hiyo pensheni ya mbwa ni kitu gani hasa. Polisi wa Nottinghamshire, Uingereza, walipoitangaza 2013 ilikuwa pauni 500 kwa mwaka kwa kila mbwa, kwa miaka mitatu baada ya kustaafu, basi. Florida kule Marekani walipitisha sheria 2022, inarudisha gharama za daktari wa mifugo hadi dola 1,500 kwa mwaka. Hakuna mbwa anayeshikishwa hela. Hela inalipia dawa, vipimo, chanjo, na anayepona mfukoni ni yule askari aliyemchukua mbwa nyumbani kwake. Kabla ya hapo mbwa akistaafu leo, kuanzia kesho bili zote ni za askari, kwa mshahara ule ule wa askari. Yaani gharama iliyotokana na kazi ya mwajiri inahamia kwa mfanyakazi kimya kimya kwa sababu anampenda yule mbwa na mwajiri anajua kwamba anampenda. Mtu yeyote aliyewahi kutoa hela yake mfukoni kuendesha ofisi ya serikali anaijua hali hiyo vizuri sana, kwa hiyo mstaafu wetu wa kikokotoo na askari huyu wa mbwa kwa kweli wako upande mmoja wa meza.

Hizo pauni 500 kwa miaka mitatu zimenikaa kichwani, piga hesabu mwenyewe uone. Mbwa wa polisi anaanza kazi akiwa na mwaka na nusu au miwili, anafanya mpaka miaka 8 hivi, wengine wanafika 9 au 10. German Shepherd anaishi miaka 10 mpaka 13 hivi. Jamii hii ya mbwa ina ugonjwa wa nyonga kwenye ukoo wake, na kazi ya kuruka kuta, kudandia gari na kushuka, kumng'ang'ania mtu anayekurusha huku na huku, inaongezea. Ugonjwa huo hauji siku ya gwaride la kuagwa, unaanza kidogo kidogo, asubuhi anachelewa kuinuka, anatanguliza miguu ya mbele halafu ya nyuma inafuata kwa shida, baadaye ngazi tatu tu za barazani zinamshinda. Aliyestaafu na miaka 8, miaka yake mitatu ya msaada inaisha akiwa na 11, pale pale ambapo dawa za maumivu zinakuwa za kila siku. Msaada umewekwa kwenye miaka ya nafuu na umeondolewa kwenye miaka ya shida. Na bima haisaidii sana, kampuni za bima hazina hamu na mbwa ambaye maradhi yake yalianzia kazini. Kwa hiyo hiki kitu ambacho watu huku wanakiona ni anasa iliyopitiliza, ukikikagua unakuta ni kidogo na kinaisha mapema.

Upande wa ulinzi wa kisheria mbwa akiwa bado kazini, mfano unaotajwa sana ni Finn, mbwa wa polisi wa Uingereza. Usiku wa Oktoba 5, 2016, mji wa Stevenage, Finn alikuwa anamfukuza mshukiwa pamoja na mwongozaji wake, akachomwa kisu kifuani na kichwani, mapafu yakatobolewa, akapona. Kilichowaudhi watu kikawa mashtaka: kwa upande wa mbwa kosa lilikuwa kuharibu mali, kosa la aina moja na kuvunja kioo cha duka. Kelele zikapigwa mpaka 2019 sheria ikabadilishwa, mtu aliyemdhuru mnyama wa polisi asiweze tena kujitetea kirahisi kwamba alikuwa anajilinda, na 2021 kifungo cha juu cha ukatili kwa wanyama kikapanda kutoka miezi 6 hadi miaka 5.

Hapa upande wa pili una hoja ambayo mimi binafsi inanitikisa kuliko ya kikokotoo. Mbwa wa polisi anauma watu, na si kila anayeumwa ni jambazi. Mwaka 2000 televisheni ya Afrika Kusini ilionyesha video ya askari waliowaachia mbwa wahamiaji watatu wa Msumbiji, tukio la 1998, mbwa wanawararua watu wanaolia na askari wanaona ni mazoezi. Ripoti ya Wizara ya Sheria ya Marekani kuhusu polisi wa Ferguson, ya 2015, ilikuta kwamba kila tukio la mtu kuumwa na mbwa ambalo rangi ya mtu iliandikwa, aliyeumwa alikuwa mweusi, yaani kila tukio. Sasa ukimwambia raia kwamba mbwa akimrukia asijitetee kwa sababu mbwa ni mtumishi wa serikali, unamweka mahali pabaya sana. Wamsumbiji wale wangefanya nini?

Jibu ninalolikubali limo ndani ya sheria yenyewe ya Uingereza, ila kwenye klipu halionekani: ule ulinzi wa ziada unafanya kazi pale tu ambapo mbwa yuko chini ya askari, yuko kazini, na anatumiwa kwa namna inayokubalika kulingana na mazingira yale. Askari akimtumia vibaya, ulinzi unaondoka. Bila kipengele hicho mimi nisingeitetea. Na tukumbuke wale mbwa wa kwenye video ya Afrika Kusini hawakuamua wenyewe kuwa silaha, wa kushtakiwa pale alikuwa aliyeshika mkanda.

Kwetu sisi ipo Sheria ya Ustawi wa Wanyama Na. 19 ya 2008 inayokataza ukatili, na Kanuni ya Adhabu inamwadhibu anayeua au kujeruhi mnyama anayeweza kuibiwa, maana yake mbwa analindwa kama mali ya mtu, sawa na ng'ombe au mbuzi. Kwa mbwa wa mtaani si haba. Kwa mbwa anayetangulia mbele ya askari kwenye nyumba yenye mtu mwenye panga naona haitoshi, ila sitaki tukimbilie kuongeza vifungo kwanza, kwa sababu kwa hapa Dar kinachomla mbwa wa kazi kila siku ni jua na kupe kuliko visu.

Siku moja ya Simba na Yanga kwa Mkapa nilimwona mbwa wa polisi getini, saa nane mchana, anainua mguu mmoja wa mbele anauweka, anainua mwingine, kwenye lami. Askari wake akamvuta kwenye kivuli cha gari, akafungua chupa ya maji ya kunywa, yale yake, akamimina kwenye kiganja mbwa akanywa mpaka yakaisha. Yeye askari hakunywa. Nilipenda alivyofanya, lakini pia nikajiuliza kwa nini maji ya mbwa yategemee kiu ya askari. Mbwa hatoki jasho mwili mzima kama sisi, anapoa kwa kuhema, na akiwa anahema kwa nguvu hanusi vizuri, kwa hiyo mbwa wa kunusa mabomu au dawa za kulevya aliyeachwa juani Februari, joto nyuzi 32 na unyevu wa pwani, ni mbwa ambaye kazi yenyewe haifanyi sawasawa. Joto la mwili wake likivuka nyuzi 41 unaweza kumpoteza siku ile ile. Kivuli, maji, ratiba ya zamu fupi, hivyo ni vitendea kazi kama risasi na redio. Weka na dawa ya kupe, weka na kupima damu kwa wanaopelekwa kwenye mapori yenye mbung'o, maana hawa mbwa wa kizungu ugonjwa wa ndorobo unaoletwa na mbung'o unawamaliza haraka.

Wanaosema haya ni mambo ya wazungu wanasahau kuwa hao wazungu wenyewe hawakuzaliwa nayo. Marekani ilipeleka Vietnam mbwa wanaokadiriwa kufika 4,000 na waliorudi nyumbani ni kama 200, wengi wa waliobaki waliachwa au waliuawa kwa sindano kwa sababu kwenye makaratasi walikuwa vifaa vilivyozidi. Mpaka Novemba 2000 ndipo ikasainiwa sheria ya kuruhusu mbwa wa jeshi aliyezeeka achukuliwe na mtu akamtunze. Mfano mwingine uko karibu zaidi, pale Morogoro. Magawa, panya buku aliyezaliwa Tanzania na kufundishwa na APOPO, shirika linalofundisha panya kunusa mabomu, kwenye Chuo Kikuu cha Sokoine, alipelekwa Kambodia akanusa mabomu ya ardhini 71 na vilipuzi vingine 38, 2020 akapewa medali ya dhahabu na shirika la Uingereza, Juni 2021 akastaafishwa, akabaki anakula ndizi na karanga zake mpaka alipokufa Januari 2022. Panya! Na sikumbuki mtu aliyelalamika kwamba ndizi zile zingepewa wazee. Tulijivunia, tena tuliposti. Mbwa anayelinda bandari na uwanja wetu wa ndege amekosa nini?

Najua jibu mojawapo, mbwa kwetu ana mambo yake. Waislamu wengi hapa pwani wanafuata madhehebu ya Shafi, mate ya mbwa ni najisi, chombo kinaoshwa mara saba na moja ni kwa udongo, na askari Muislamu aliyepangiwa kikosi hicho anabeba uzito ambao mwenzake haubebi, hilo liheshimiwe kwenye kupanga watu. Lakini dini hiyo hiyo kwenye Surat al-Maida aya ya 4 imeruhusu kula alichokamata mbwa aliyefundishwa kuwinda, na ipo hadithi sahihi ya mtu aliyeshuka kisimani akajaza maji kwenye kiatu chake akamnywesha mbwa mwenye kiu, akasamehewa. Kutokumfuga ndani ni jambo moja, kumtelekeza aliyekutumikia ni jambo lingine kabisa.

Kinachoniumiza kichwa kweli ni nyumba. Mfumo wa Uingereza unasimama juu ya kitu ambacho hakitajwi: askari ana nyumba yenye uwanja nyuma, mbwa mara nyingi alikuwa anaishi naye tangu yuko kazini, kustaafu ni kama kubadilisha ratiba tu. Hapa askari anakaa kota au kapanga vyumba viwili Mbagala, baba mwenye nyumba hataki hata paka, choo cha pamoja, watoto wa wapangaji wanne uani. Halafu akija kuzoeana na mbwa vizuri anapata uhamisho Kigoma. Ukisema kila askari amchukue mbwa wake akizeeka, umeandika sera nzuri ambayo haina pa kulala. Na ukiacha utaratibu wa kawaida wa mali ya umma iliyochakaa, kukagua, kutangaza, kunadi, mbwa wa miaka 9 mwenye nyonga mbovu anaweza kununuliwa na mtu anayetaka mlinzi wa bei nafuu, akafungwa mnyororo getini usiku kucha mpaka mwisho wake.

Kwa hiyo mimi nasema mstaafu abaki kikosini. Banda moja lenye kivuli lililotengwa na la wanaofanya kazi, dona na dagaa au utumbo kama wenzake, dawa ya maumivu, kupe, chanjo ya kichaa cha mbwa kila mwaka, na kifungu chake kwenye bajeti ya kikosi kisichoweza kuhamishiwa mafuta ya magari. Askari mwenye eneo na moyo akitaka kumchukua, apewe bila kununua na dawa aendelee kuchukua kikosini. Mbwa aliyefundishwa kuuma na hatabiriki asipelekwe kwa familia yoyote hata wakimwomba, hilo sina huruma nalo. Na aliyefika mahali hainuki tena, sindano ni halali kabisa, ila uamuzi uandikwe na kusainiwa na daktari wa mifugo aliyempima siku hiyo, kwa sababu ya maumivu yake na si kwa sababu chakula cha mwezi kimepungua stoo. Umri wa kila mbwa unajulikana tangu siku anaingia, kwa hiyo hata mwaka ambao hizo hela zitahitajika unajulikana miaka sita saba kabla.