Programu iiulize kerneli inamtumikia nani

Mwaka jana nilikabidhiwa programu ya kurekodi mbolea inayoingia na kutoka katika ghala moja hapa Mbeya, na katika kumbukumbu zake nikakuta karani mmoja ameandikiwa mifuko iliyotolewa siku ambayo hakuwapo kazini. Chanzo kilikuwa mstari mmoja: programu ilisoma jina la mtumiaji kutoka kwenye kigeu cha mazingira kiitwacho USER, ambacho yeyote aliyeketi mbele ya kompyuta anaweza kukibadilisha kabla ya kuiendesha. Karani yule nusura apoteze kazi. Tangu hapo nashikilia kwamba programu inayoandika nani amefanya nini haina budi kuiuliza kerneli yenyewe, yaani kiini cha mfumo wa uendeshaji wa kompyuta.

Kuuliza ni jambo jepesi. Katika Linux na jamii yote ya Unix, mwito wa getuid hurudisha namba ya mtumiaji halisi, na geteuid hurudisha namba tendaji, ile ambayo kerneli huitazama inapoamua kuruhusu au kukataa. Getgid na getegid hufanya vivyo hivyo kwa kikundi, na miito yote minne haishindwi kamwe.

Vijana ninaowafundisha huiona tofauti ya halisi na tendaji kuwa ndogo mno, mpaka niwaonyeshe passwd, programu ya kubadilishia nywila. Faili lake ni mali ya root, msimamizi mkuu wa mfumo mwenye namba 0, nalo lina alama ya setuid, inayoifanya programu iende kwa mamlaka ya mwenye faili; ni ubunifu wa Dennis Ritchie uliopewa hataza nchini Marekani mwaka 1979. Mtumiaji wa namba 1000 akiiendesha, geteuid hujibu 0, ndiyo maana faili la /etc/shadow, linalotunza nywila, linaandikika. Lakini getuid huendelea kujibu 1000, ndiyo maana passwd hainigusii nywila yangu kwa amri ya mwingine. Kijana aliyepewa ufunguo wa ghala hufunguliwa mlango, ila hajawa bwana ghala.

Kwa sudo, amri ya kuendesha programu kwa mamlaka ya root, mambo ni tofauti, na hapa wengi hukosea: sudo kwa kawaida hubadilisha namba zote mbili, hivyo hata getuid hujibu 0. Kwa hiyo makarani wetu hawapewi sudo. Kila mmoja ana akaunti yake, na programu sasa huhifadhi namba halisi pamoja na ile tendaji, kisha hutafuta jina kwa getpwuid wakati wa kuchapisha ripoti tu.