Wembamba kwanza, ribiti baadaye

Kuna ugonjwa unaotushika sisi tunaounda modeli za ndege za vita, hasa tunaopenda seti kuukuu za plastiki. Mtu akishapata Hurricane au Spitfire ya kipimo cha 1/72 iliyotoka kiwandani miaka ya sitini au sabini, jambo la kwanza ni kushika msasa na kufuta ribiti zote, yaani vile vichwa vya misumari ya kushikilia mabati, zilizotuna juu ya mabawa. Kisha hujifungia na rula na sindano, akachonga mistari mipya ya maungio ya mabati, mmoja baada ya mwingine, mpaka shingo inakakamaa. Akimaliza huita watu waje waone. Na kweli mistari imenyooka. Lakini ndege bado ina sura ya kitu cha kuchezea, na mwenyewe hajui kasoro iko wapi.

Maoni yangu, na siyaonei haya, ni kwamba kinachoziangusha seti za zamani ni unene. Ribiti zinasingiziwa tu.

Hebu tupige hesabu. Katika kipimo cha 1/72, kila milimita moja ya plastiki ni milimita 72 za ndege halisi. Ukingo wa nyuma wa bawa katika seti nyingi kuukuu unafika milimita moja, pengine na ushei. Hizo ni sentimita saba, ilhali bawa la ndege ya kweli huishia kwenye ukingo ambao ungeubana kwa vidole viwili. Kioo cha chumba cha rubani kikiwa na milimita moja na nusu, basi kwa ukubwa halisi kinakaribia sentimita 11. Milango ya magurudumu nayo ni mabamba matupu. Jicho la mtu, hata asiyejua lolote kuhusu ndege, hulihisi jambo hili kabla hajahesabu ribiti hata moja.

Ribiti zenyewe ni kubwa kupita kiasi, sikatai. Yenye upana wa nusu milimita ingekuwa milimita 36 kwenye ndege halisi, yaani kukishinda kizibo cha soda. Ila hiyo mistari tunayoichonga kwa bidii nayo ni uongo vilevile. Mstari wa upana wa milimita 0.2 ni mwanya wa milimita 14, na hakuna rubani ambaye angekubali kupaa na ndege yenye nyufa za kuingiza kidole. Matchbox, watengenezaji wa seti wa Uingereza, walijaribu njia hiyo kuanzia miaka ya sabini, wakachimba mistari kwa kina hadi wakosoaji wakaiita mitaro. Mimi ribiti nazipitishia msasa laini wenye maji, zibaki kivuli tu. Rangi ikishaingia, basi.

Kwa nini waliziunda nene hivyo? Si uzembe. Plastiki iliyoyeyushwa husukumwa kwa nguvu ndani ya kalibu ya chuma, na inahitaji nafasi ya kupita kabla haijaganda. Isitoshe, seti hizi zilikusudiwa watoto na pesa zao za mfukoni, kwa hiyo zilitakiwa zistahimili mikono ya watoto. FROG wa Uingereza walianza kuuza ndege za plastiki za 1/72 mwaka 1936. Airfix walitoa Spitfire yao ya kwanza mwaka 1953, na kutoka hapo biashara ikafumuka. FROG ilipokufa katika miaka ya sabini, kalibu zake nyingi zilikwenda Umoja wa Kisovieti, seti zikauzwa kwa jina la Novo. Ndege za Ujerumani na Japani Wasovieti hawakuzitaka, zikaangukia kwa Revell. Ndiyo maana unaweza kukuta ndege ileile, na kasoro zake zilezile, ndani ya maboksi yenye majina tofauti.

Na sisi wa Mombasa tunakutana nazo zikiwa zimeshazunguka dunia. Moja inatoka kwenye marobota ya vitu vya mtumba Kongowea, nyingine inakuja ndani ya sanduku la jamaa aliyerudi kutoka Uingereza, boksi limebonyea na karatasi ya maelekezo haipo. Seti mpya zipo, nzuri ajabu, lakini ukishajumlisha usafiri na ushuru unaanza kujiuliza kama unanunua modeli au unachangia kununua ndege. Zaidi ya hapo kuna wanaouza vipande vya ziada vya resini, ambavyo bei yake huipita ya seti yenyewe. Sioni maana yake. Karibu kila kitu kinachohitajika kuikondesha ndege kuukuu kinapatikana hapa mjini, na kingi kinatupwa.

Tuanze na mabawa. Kabla ya kuunganisha bawa la juu na la chini, laza karatasi ya msasa juu ya kipande cha kioo, kisha sugua upande wa ndani wa kila nusu kwenye ukingo wa nyuma. Upande wa ndani, narudia, maana ukisugua wa nje unaharibu umbo na kufuta alama zote. Nenda polepole hadi plastiki ianze kupitisha mwanga wa taa. Hapo nusu mbili zikikutana, ukingo unakuwa mkali. Kazi hii haina sifa, hakuna atakayekuja kukwambia umepunguza vizuri, lakini inaibadilisha ndege kuliko kitu kingine chochote utakachoifanyia.

Milango ya magurudumu itupe. Chukua kopo la soda, kata bati lake kwa mkasi, lainisha kingo, ulikunje kidogo lifuate umbo la tumbo la ndege. Bati hilo lina unene wa takriban milimita 0.1, sawa na milimita saba za ndege halisi, na hapo tumekaribia ukweli. Midomo ya bunduki tengeneza kwa sindano za sirinji za duka la dawa: zina tundu tayari, zimenyooka, na hazivunjiki ovyo. Waya wa redio unatokana na vijiti vya plastiki vinavyoshikilia vipande vya seti. Pasha kimoja juu ya mshumaa, kikilegea vuta taratibu, utapata uzi mwembamba kama unavyotaka.

Kwenye kioo ndipo penye raha. Kile cha seti kijaze jasi kwa ndani kisibonyee, kiweke ndani ya chupa ya maji ya plastiki iliyo angavu na isiyo na mikunjo, kisha puliza hewa moto. Chupa hujikaza na kulivaa umbo lile barabara. Chombo cha kufaa zaidi ni kile cha hewa moto cha mafundi wa simu. Fundi wangu wa Mwembe Tayari mara ya kwanza alinitazama, akaitazama chupa, akasema, "Shekhe, hii si simu." Siku hizi yeye ndiye anayenichagulia chupa. Plastiki ya chupa ikiwa na milimita 0.3 bado ni nene ukilinganisha na kioo halisi, lakini ni moja ya tano ya kile ulichokitoa, na sasa unaweza kuona ndani.

Ukiona ndani, unaingiwa na kishawishi kingine, cha kujaza chumba cha rubani kila swichi na kila mrija. Usihangaike. Kiti, mikanda ya utepe wa karatasi, usukani na kioo cha kulengea shabaha vinatosha. Vingine vitamezwa na giza.

Kwa sasa mezani kwangu kuna Martlet, na hii sikuichagua kwa bahati. Martlet ni jina ambalo Waingereza waliipa Grumman Wildcat ya Marekani mpaka Januari 1944 walipokubali kutumia jina la wenyewe. Baada ya Wajapani kushambulia Colombo na Trincomalee mwezi wa Aprili 1942, kundi la manowari za Waingereza chini ya Admeri James Somerville lilirudi nyuma hadi Kilindini. Shule ya Allidina Visram iligeuzwa kituo cha kufumbua mawasiliano ya siri ya Wajapani. Port Reitz, huko Changamwe, ambako leo ni Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Moi, ulitumiwa na ndege za jeshi la majini. Mei 1942 Martlet za Illustrious, manowari ya kubeba ndege, zilipigana angani juu ya Diego Suarez, Madagaska, dhidi ya ndege za Wafaransa wa serikali ya Vichy, iliyoshirikiana na Wajerumani, na baadaye askari wa KAR, jeshi la Waafrika chini ya Waingereza, wakapelekwa kisiwa kilekile kumaliza kazi kwa miguu. Kwa hiyo anayeniambia hizi ni ndege za wakoloni, zanihusu nini, namjibu kwamba zilitua hapo Changamwe na babu zetu ndio waliobeba mizigo ya vita ile. Kuunda ndege si kuisifu.

Martlet ni mtihani mzuri kwa hoja yangu. Magurudumu yake hujikunja ubavuni mwa kiwiliwili, na rubani aliyakunja kwa mkono, akizungusha mpini karibu mara 30 huku ndege ikiyumba. Miguu yenyewe ni kichaka cha fito nyembamba zilizo wazi, na vijiti vinene vya seti kuukuu huigeuza mzigo wa kuni. Mimi nazibadilisha zote kwa waya wa klipu za karatasi.

Kuhusu rangi sitasema mengi, isipokuwa hali ya hewa ya kwetu. Vitabu vya Ulaya havikuandikwa na mtu anayeishi na unyevu wa bahari. Ukipuliza vanishi isiyong'aa wakati wa masika, inaganda na ukungu mweupe kwa sababu mvuke umenaswa ndani. Ngoja kaskazi, na upulize alasiri, saa ambazo hewa imekauka kidogo kuliko asubuhi. Jua letu, kwa upande mwingine, ni neema: stika za maji zilizogeuka manjano kwa uzee zibandike kwenye kioo cha dirisha kwa selotepu, picha ikitazama nje, nalo litazing'arisha upya ndani ya siku chache. Kisha zipake vanishi kabla ya kuzilowesha, la sivyo zitakatikakatika majini. Ndege iliyokamilika usiiweke kwenye dirisha hilohilo. Rangi hupauka, na plastiki nyembamba uliyoitolea jasho hupinda kwa joto.

Yangu itapakwa rangi za baharini za Waingereza, kijivu cha aina mbili mgongoni na kijani-samawati hafifu tumboni. Alama za duara itabidi kuziangalia vizuri kwa tarehe, kwa kuwa katika vita vya upande huu wa dunia wekundu wa katikati uliondolewa baadaye, mwenzako asije akaudhania jua la Kijapani.

Limebaki suala la mabawa. Martlet nyingi zilikuwa na mabawa ya kukunjwa kwenda nyuma, ndege ya mita 11.6 ikawa na upana usiofika mita tano, ndipo zikaenea nyingi melini. Wenzangu wananishauri nikate nizikunje, itapendeza. Nakataa. Ukikata bawa la seti kuukuu, sehemu iliyokatwa inaanika unene wote wa plastiki mahali ambapo ndege halisi ilionyesha bati, mbavu na mirija. Aliye na subira ya kuchimba ndani mpaka plastiki ibaki ganda, afanye. Mimi nitaiacha imeyatandaza, sentimita 16 kutoka ncha hadi ncha, na muda nitakaouokoa utakwenda kwenye rafadha, ambayo mapanga yake bado hayajaguswa na msasa.