Asilimia 45 ya dimensia ni ya nani?

Mzee akianza kuuliza swali moja mara nne kabla ya chai kupoa, nyumbani husemwa "uzee huo", na suala likaishia hapo. Mwaka 2024 kamisheni ya jarida la tiba The Lancet ilikuja na kauli nyingine: karibu asilimia 45 ya dimensia duniani (maradhi ya ubongo yanayopoteza kumbukumbu na uwezo wa kufikiri) ingeweza kuzuiwa au kucheleweshwa kama mambo 14 yangeshughulikiwa, yakiwemo presha, kisukari, uziwi usiotibiwa, sigara, upweke, hewa chafu na kukosa shule utotoni. Mwaka 2017 mambo yalikuwa 9 na makadirio asilimia 35.

Wanaoishangilia namba hiyo wana cha kuonyesha. Huko Finland, watu 1,260 wa miaka 60 hadi 77 waligawanywa mafungu mawili. Fungu moja lilipewa chakula bora, mazoezi ya mwili na ya akili, na kufuatiliwa presha na mengineyo kwa miaka miwili. Likafanya vizuri kuliko lililopewa ushauri wa kawaida tu. Ila kilichopimwa ni alama za majaribio ya akili. Nani angeugua na nani angenusurika, miaka miwili haitoshi kujua, na tofauti yenyewe haikuwa kubwa.

Wenye shaka wanagusa penye jipu. Hesabu ya 45 inachukulia kwamba kila jambo kati ya hayo ni chanzo. Lakini ubongo huanza kuharibika miaka mingi kabla ya dalili kuonekana. Anayejitenga na wenzake barazani, akaacha hata bao lake, je, upweke ndio utakaomletea ugonjwa, au ugonjwa umeshaingia na ndio unaomtenga? Halafu kuna umri na kurithi, ambavyo hakuna matembezi ya asubuhi yanayovifuta.

Mimi naiamini namba hiyo inapozungumzia taifa. Ikishuka hadi kwa mtu mmoja inageuka lawama: mtoto wa mgonjwa anaanza kuhesabu sigara za baba na sukari ya mama. Bibi wa miaka 80 ambaye hakupelekwa shule kwa kuwa ni msichana, akapika kwa kuni maisha yake yote, alichagua lipi hapo? (Wauza vidonge vya "kuongeza kumbukumbu" kwenye simu wao hawaulizi hilo.)

Kwa hiyo nianze na presha, yenye dawa ya bei ndogo na iliyo muhimu kuidhibiti tangu umri wa kati. Wilayani Hai, Kilimanjaro, watafiti waliwapima wazee wa miaka 70 na kuendelea zaidi ya miaka kumi iliyopita. Karibu 7 kati ya 10 walikuwa nayo. Wengi hawakuwa na habari, na walioweza kuishusha walikuwa wachache mno. Presha haiumi; mtu huijua siku anapofungwa mkanda wa kipimo mkononi.